Fahamu: Jinsi karafuu inavyozaa harufu ya vanila

Katika mmenyuko wa kupangika upya, atomi na vifungo vyake huhama ndani ya molekuli ileile. Fomula hubaki ilivyokuwa, lakini dutu inayopatikana ni nyingine.

Mafuta ya karafuu na makonyo yake, yanayokenekwa kisiwani Pemba, kwa sehemu kubwa ni yujinoli, C₁₀H₁₂O₂. Molekuli hii ina pete ya kaboni sita yenye mkia wa kaboni tatu, na kifungo maradufu kiko nchani mwa mkia. Ikichemshwa na alkali kali, kama haidroksidi ya potasiamu, alkali hung'oa protoni kwenye kaboni iliyo jirani na pete. Kisha protoni nyingine hutua nchani. Kifungo maradufu husogea hatua moja kuelekea kwenye pete. Ni badiliko dogo mno, lakini ndilo lenye thamani yote: elektroni za kifungo hicho sasa huungana na zile za pete, na molekuli hutulia zaidi.

Hiyo ndiyo isoyujinoli, yenye fomula ileile. Ikioksidishwa, mkia hukatika palepale kwenye kifungo maradufu, na kubaki vanilini, dutu kuu ya harufu ya vanila.