Chumba ni maridadi, lakini hewa iko wapi?

Msimu wa baridi unapofika jijini Nairobi, kati ya Juni na Agosti, foleni ya wanaokohoa huwa ndefu katika kliniki yangu. Julai moja mama wa kutoka Kangemi aliniletea mwanawe wa miaka sita kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mchana mtoto alicheza kama kawaida, lakini usiku alikohoa na kifua kikalia kama filimbi. Mama mwenyewe, akiwa tayari ameshika mlango kuondoka, alitaja kwamba kila asubuhi huamka kichwa kikimgonga, ila akishateremka kwenye matatu mjini na kutembea hadi kazini, maumivu huisha.

Maneno hayo yalinishtua kuliko kikohozi cha mtoto. Nikamrudisha kitini na kumuuliza ni kitu gani kimebadilika nyumbani. Uso ulimng'aa.

"Daktari, nimepamba chumba! Ukikiona utadhani ni hoteli."

Alikuwa amenunua zulia zito la manyoya la kufunika sakafu yote, mapazia mazito ya Biashara Street, mito chungu nzima, na dawa ya kupuliza yenye harufu ya waridi. Ukuta wa nyuma uliokuwa na madoa meusi aliufunika kwa karatasi za maua. Na ili chumba kiwe na joto, kila jioni aliingiza jiko la makaa, akafunga dirisha na kuziba mwanya wa chini ya mlango kwa kitambaa.

"Lakini nangoja makaa yakolee, daktari. Moshi hamna kabisa."

Hapo ndipo wengi hupotea. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, lakini hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huzunguka mwilini bila kubeba hewa inayohitajika. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha lala hapati nafasi ya kutambua lolote. Hiyo ndiyo sababu ya vifo vya watu wanaokutwa asubuhi vitandani mwao, jiko likiwa pembeni. Nadhani kilichomwokoa mama huyu ni kioo kimoja cha juu kilichovunjika, ambacho alikuwa akimlalamikia mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi.

Nilimwambia jiko litoke usiku ule ule. Blanketi la pili, soksi na chupa ya maji moto vinatosha kwa baridi ya Nairobi.

Tukarudi kwa mtoto. Zulia la manyoya na mito ni makao ya wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na kinyesi chao huamsha pumu kwa watoto wengi. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji moto ya nyuzi 60, na zulia kubwa libadilishwe kwa mkeka au kizulia kinachoweza kuanikwa juani. Madoa meusi ukutani ni kuvu, na kuyafunika kwa karatasi ni kuyafuga. Tafuta maji yanakotoka, sugua kwa maji na sabuni, acha pakauke kabisa, ndipo upake rangi. Dawa ya kupuliza nayo haisafishi hewa hata kidogo. Huongeza tu kitu kingine cha kuchokoza mapafu.

Wakazi wa Kileleshwa na Lavington wasidhani habari hii ni ya Kangemi pekee. Huko pia nimeingia katika sebule za bei kali ambazo madirisha hayajafunguliwa tangu Krismasi, kwa kuogopa vumbi.

Je, urembo uachwe? La hasha. Chumba chenye utulivu ni tiba kwa namna yake. Mwaka 1933, enzi ambapo kifua kikuu hakikuwa na dawa, ilikamilika hospitali ya Paimio nchini Finland, iliyobuniwa na Alvar Aalto. Aliwaza kwamba mgonjwa hushinda amelala chali, basi dari za vyumba akazipaka rangi ya kijani iliyopoa ili zisimchoshe macho, na jua na hewa akavipa nafasi ya kwanza.

Nasi tunaweza kuanzia hapo. Nairobi iko kusini kidogo mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini. Ukiwa na vyumba viwili, mtoto alale kile chenye dirisha la kaskazini. Ukuta unaotazamana na dirisha upake rangi nyeupe, nao utarudisha mwanga ndani. Tumia pazia jepesi mchana, na la pili zito livutwe usiku tu. Jioni washa balbu yenye mwanga wa manjano, maana ule mweupe mkali huchelewesha usingizi. Mimea ya vyungu weka kwa kupendeza macho. Usitarajie isafishe hewa, kazi hiyo ni ya dirisha.

Kichwa cha yule mama kiliacha kuuma siku ya pili. Kikohozi cha mtoto kilichukua wiki kadhaa, na bado anatumia dawa ya pumu ya kuvuta. Kioo kilichovunjika hataki tena kitengenezwe, ameweka wavu. Zulia aliliuza kwa jirani, jambo ambalo sikulifurahia, kwa sababu jirani huyo ana mtoto mchanga.