TUILINDE KOMPYUTA YA NYUMBANI

Zamani kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi kubwa za mjini. Siku hizi utaikuta pia nyumbani, dukani kwa mpiga chapa na katika ofisi ya kijiji. Mzazi huweka ndani yake hesabu za shamba. Katibu wa chama cha akiba na mikopo hutunza majina ya wanachama na michango yao. Vijana huitumia kusikiliza nyimbo na kutazama filamu.

Kitu kinachotunza mali ya watu hakikosi adui. Adui wa kompyuta ni virusi. Katika somo hili tutaona jinsi virusi vinavyoingia tunapopeana mafaili na watu tusiowajua, na jinsi ya kuvizuia.

Virusi ni nini?

Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye kazi gani. Virusi vya kompyuta navyo ni programu, lakini vimeandikwa na mtu mwenye nia mbaya. Si wadudu, wala haviambukizi binadamu. Vingine hufuta kazi zako. Vingine huiba maneno yako ya siri. Vingine hufunga mafaili yako yote kama kwa kufuli, kisha mwenye virusi hudai fedha ili akufungulie.

Hebu fikiri. Siku ya kugawana akiba imefika. Katibu anawasha kompyuta, na daftari la michango halifunguki! Wanachama watajuaje nani aliweka kiasi gani?

Kupeana mafaili

Faili ni kitu kimoja kilichowekwa katika kompyuta: wimbo, picha, barua au programu. Ziko programu zinazounganisha kompyuta za watu wengi kwa njia ya intaneti ili wapeane mafaili. Napster ilianza mwaka 1999, watu wakapeana nyimbo. BitTorrent ilibuniwa mwaka 2001, nayo inatumika hadi leo. Njia hii yenyewe si mbaya. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia barua na hesabu, hutolewa na wenyewe kwa njia hii pia.

Ubaya uko hapa: humjui anayekupa. Mtu yeyote anaweza kuweka faili lake na kulipa jina analotaka. Mwaka 2002 kirusi kilichoitwa Benjamin kilienea kati ya watumiaji wa programu ya Kazaa. Kilijinakili mara nyingi, kikajipa majina ya nyimbo, filamu na michezo. Mtu alidhani anachukua wimbo, kumbe anachukua kirusi. Kisha kompyuta yake nayo ikaanza kuwagawia wengine. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tufanye nini?

Mfugaji mwangalifu akinunua ng'ombe mnadani, hamchanganyi na wa zizini siku ile ile. Humtenga kwanza, humchunguza, humpeleka joshoni. Faili la mgeni nalo litendewe hivyo hivyo. Fuata mambo haya sita:

1. Chukua programu kwa wenyewe. Ukihitaji programu, ichukue kwenye tovuti ya walioitengeneza. Jihadhari na programu za kulipia zinazotolewa bure na watu wasiojulikana. Mara nyingi hubeba virusi.

2. Tazama mwisho wa jina la faili. Herufi mp3 huonyesha wimbo, mp4 filamu, na jpg picha. Lakini exe, scr, bat na vbs huonyesha programu. Ukikuta jina "wimbo.mp3.exe", huo si wimbo. Usilifungue, lifute. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho, nawe utaona "wimbo.mp3" tu. Mwombe fundi akuonyeshe jinsi ya kuzifichua. Mwezi Mei 2000 virusi vya ILOVEYOU vilienea duniani kwa barua pepe kwa ujanja huu. Vilijifanya barua ya mapenzi, kumbe mwisho wa jina ulikuwa vbs.

3. Pima kabla ya kufungua. Windows 10 na Windows 11 zina programu ya kukinga virusi iitwayo Microsoft Defender. Huilipii. Iamuru ichunguze kila faili jipya. Likija faili lenye maelezo kwamba uzime kinga kwanza, liache. Mgeni anayetaka umfunge mbwa kabla hajaingia ana lake jambo.

4. Pokea marekebisho. Watengenezaji huziba matundu ya programu zao kila mara. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Mwezi Mei virusi vya WannaCry vilipita katika tundu hilo, vikafunga kompyuta katika nchi nyingi, hata za hospitali za Uingereza. Waliokwisha kuweka kiraka walisalimika.

5. Gawa folda moja tu. Programu ya kupeana mafaili huuliza ni folda ipi wengine waione. Tenga moja isiyo na kitu cha siri. Usiwafungulie nyumba nzima.

6. Weka nakala. Kila wiki nakili hesabu zako kwenye flashi. Ukimaliza ichomoe, uiweke kabatini. Flashi iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.

Kirusi kikiingia

Kata intaneti mara moja. Usichomeke flashi ya nakala. Ipime kompyuta nzima, au mwite fundi unayemwamini. Badilisha maneno yako ya siri kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama. Ukidaiwa fedha, usikimbilie kulipa, kwani wako waliolipa na mafaili hawakuyapata. Aliye na nakala kabatini hana haja ya kumpigia magoti mwizi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Anza leo na jambo la sita, kwa maana hilo halihitaji fundi.

Maswali

1. Virusi vya kompyuta ni nini? Taja madhara mawili.
2. Kirusi cha Benjamin kiliwadanganyaje watu?
3. Umepewa faili liitwalo "harusi.jpg.scr". Je, ni picha? Utafanya nini?
4. Kwa nini flashi ya nakala ichomolewe?
5. Zungumzeni darasani: hesabu za chama chenu zina nakala? Iko wapi?