Dini Mbili katika Ukoo Mmoja

Mkristo wa Kongo anayekaa Kinshasa au Mbuji-Mayi aweza kumaliza umri wake pasipo kulazimika kufikiri sana juu ya Uislamu. Lakini yule wa Maniema hana nafasi hiyo, kwa kuwa mkoa huu ndio mlango mkuu ambao dini ya Mtume Muhammad iliupitia kuingia katika nchi, na hata leo kengele ya Misa na adhana husikika katika mitaa ile ile. Punia, mji wa msituni ulioko kaskazini ya Kindu, katika nchi ya Wakumu na Warega, ulistawi kwa ajili ya kasiterite, jiwe litoalo bati, ambalo kampuni ya Symétain ililichimba zama za Wabelgiji. Na machimbo, kama ilivyo kawaida yake popote duniani, huwakusanya watu wa asili na dini mbalimbali, wakakaa pamoja, wakazikana, na hatimaye wakaoana. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo mtaalamu wa sheria za Kanisa huulizwa barazani kwa padri mara nyingi kuliko katika mikutano ya wanazuoni: Kanisa Katoliki lamfundisha muumini wake nini juu ya jirani Mwislamu, na je, binti yake akiposwa na kijana wa msikitini, hukumu yake ni ipi?

Aghalabu swali hili hujibiwa nusu. Wako wanaoyakumbuka maneno ya upole ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wakadhani kwamba tangu hapo mipaka yote imefutwa. Na wako wanaozijua amri za sheria wakadhani kwamba ule upole ulikuwa adabu ya wageni tu. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba upole ule na sheria ile vimetoka katika shina moja, na kwamba mtu akishika kimoja akaacha kingine hajalishika fundisho lenyewe.

Lakini fundisho halikuangukia ardhi tupu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja ambaye watu walimwita Tippu Tip, alikuwa amekwisha kujenga mamlaka yake Kasongo katika miaka ya 1870, na soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, lilijulikana mbali kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Mwaka 1888 Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, alizunguka miji mikuu ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara hiyo. Na japokuwa kazi yake ilikuwa ya haki, katika masikio ya wengi waliomsikiliza mfanyabiashara wa watumwa na Mwislamu walikuwa mtu mmoja, na ni wachache tu waliokumbuka kwamba meli za mataifa ya Kikristo zilikuwa zimevusha watumwa baharini kwa karne nyingi. Vita vya 1892 hata 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na mabwana wa Kiislamu wa Maniema vikafuata, Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893, na Waislamu waliobaki wakawa raia walioshindwa, ilhali misheni ilipofika ilionekana kuja nyuma ya bendera ya mshindi.

Zaidi ya vita ilikuwa shule. Kwa mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Baba Mtakatifu, misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, hektari 100 hata 200 kwa kila kituo, nazo zikajitwika kazi ya kuwasomesha wenyeji. Hivyo mlango wa ukarani, wa ualimu na wa hospitali ukapitia uani mwa misheni; na mzazi Mwislamu, aliyekuwa akiona watoto wa jirani wakienda darasani na kurudi na jina la ubatizo, mara nyingi alichagua kumbakisha mwanawe chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Shule za serikali zisizo za misheni hazikufunguliwa kwa watoto wa Kiafrika ila mwaka 1954, alipokuwa Auguste Buisseret waziri wa makoloni, yaani miaka sita tu kabla ya uhuru. Ndiyo sababu Waislamu wa Maniema waliingia katika Kongo huru wakiwa na makarani wachache na walimu wachache, na tofauti ya dini ikawa pia tofauti ya mkate. Kosa hilo halikutoka katika ugomvi wa Injili na Kurani. Lilitoka katika mizani ya serikali iliyoelemezwa upande mmoja, na Kanisa, ni insafu kukiri, lilinufaika nayo.

Kwa mtu aliyeijua taarikhi hiyo, tamko ambalo Mtaguso ulilipitisha tarehe 28 Oktoba 1965, liitwalo Nostra Aetate, kwa kura 2,221 dhidi ya 88, si karatasi ya mbali. Fungu lake la tatu linasema kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa hishima, kwa kuwa wanamwabudu Mungu mmoja, aliye hai, mwenye rehema na enzi, Muumba wa mbingu na ardhi. Kwamba wanajitahidi kuyatii maamuzi yake kama Ibrahimu alivyotii. Kwamba ingawa hawamkiri Yesu kuwa Mungu, wanamhishimu kuwa nabii, na mama yake Mariamu wanamtukuza. Kwamba wanaingoja siku ya hukumu, na wanamtumikia Mungu kwa sala, sadaka na saumu. Kisha Mtaguso, ukijua kwamba ugomvi wa karne nyingi haufutwi kwa sifa, ukawasihi wa pande zote mbili waachane na yaliyopita, watafute kuelewana kwa moyo safi, na washirikiane kuilinda haki, maadili, amani na uhuru kwa ajili ya watu wote. Wiki sita baadaye, tarehe 7 Desemba, tamko la Dignitatis Humanae likaongeza msingi ambao pasipo huo hishima ni hisani tu: kwamba mtu hawezi kulazimishwa katika jambo la imani, na kwamba haki hiyo imetokana na utu wake aliopewa na Muumba, wala si zawadi ya serikali wala ya Kanisa.

Basi ni lipi ambalo Mtaguso haukulisema? Haukusema kwamba dini zote ni sawa, wala kwamba Utatu, umwana wa Kristo na kifo chake msalabani ni mambo madogo yawezayo kuwekwa kando ili mazungumzo yapendeze. Na mwaka 2000, kwa waraka wa Dominus Iesus, Roma ililisema hili wazi kwa wale waliodhani vinginevyo. Mwislamu naye hakuombwa aikate shahada yake nusu. Kanisa linafundisha kwamba asiyemjua Kristo pasipo hatia yake, akimtafuta Mungu kwa moyo wa kweli, aweza kuokolewa kwa neema. Bali halifundishi kwamba kwa hiyo hakuna tena haja ya kumtangaza Kristo. Hishima hii, basi, ni ya watu wawili wanaojua kwamba katika jambo kuu hawakubaliani, wala hawaogopi kujua hivyo.

Penye mazungumzo ya wanazuoni tofauti hiyo yaweza kungoja. Penye ndoa haingoji. Tuchukue mfano wa binti Mkatoliki wa parokia ya Punia aliyeposwa na kijana Mwislamu. Kwa kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, ndoa kati ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa ina kizuizi, na ikifungwa bila ruhusa ya askofu, mbele ya Kanisa si ndoa. Kwa hiyo padri huketi na binti, akamwuliza mambo mawili, ambayo yeye peke yake hujibu: kwamba yuko tayari kuepuka hatari ya kuiacha imani yake, na kwamba aahidi kwa moyo wa kweli kufanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wote wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Kijana haahidi lolote. Ila ni lazima aarifiwe mapema, asije akaambiwa baadaye kwamba alijua, naye hajui. Wote wawili hufundishwa maana ya ndoa, ya kuwa ni ya mume mmoja na mke mmoja mpaka kifo. Kisha maombi hupelekwa kwa askofu wa Kindu, na jibu hungojewa.

Msomaji aangalie jinsi upole wa Mtaguso ulivyoingia katika sheria yenyewe. Kwa sheria ya mwaka 1917 wote wawili walitakiwa kutoa ahadi, kwa kawaida kwa maandishi, na yule asiye Mkatoliki alikuwa akitia mkono wake chini ya maneno ambayo dhamiri yake yamkini iliyakataa. Papa Paulo wa Sita aliliondoa jambo hilo tarehe 31 Machi 1970, kwa waraka wa Matrimonia Mixta, akabakisha ahadi ya Mkatoliki peke yake. Maana maadamu Kanisa limekiri kwamba dhamiri haishurutishwi, halikuweza tena kumshurutisha kijana wa msikitini kutia sahihi. Na neno lile, “katika uwezo wake,” halikuwekwa ovyo: linakiri kwamba mzazi mwingine yupo, naye ana dhamiri yake. Ndoa hiyo, ikiisha kufungwa kwa ruhusa, si sakramenti, bali ni ndoa halali na ya kweli. Na sheria inakataza isirudiwe kwa ibada nyingine ya kutoa ridhaa, kabla wala baada yake, kwa sababu ridhaa hutolewa mara moja.

Hapa ndipo ukweli unapouma. Fikihi ya Kiislamu humruhusu mwanamume kumwoa mwanamke wa Ahli Kitabu, yaani Myahudi au Mkristo, humtaka awatunze na kuwalea watoto katika dini yake, na kwa jumla ya wanazuoni haimruhusu binti Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu. Basi mama ameahidi Kanisani kuwabatiza watoto kadiri awezavyo, na baba anaona kwamba kuwapa Uislamu ni fardhi yake. Hakuna ufasaha wa padri wala wa shehe utakaozifanya ahadi hizo mbili kuwa moja. Kadhalika juu ya mke wa pili: sheria ya Kongo, katika Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, haimtambui, wala Kanisa halimtambui, ilhali sharia inamkubali kwa sharti la uadilifu. Wazee wengi, kwa hofu ya kuvunja posa, hulifunika jambo hili mpaka mtoto wa kwanza azaliwe, na hapo ndipo pande mbili za ukoo hugundua kwamba kila mmoja alidhani mwenzake amekubali. Majuto ni mjukuu, na katika nyumba za namna hii mithali hiyo ni kweli kwa maana zote mbili.

Nje ya ndoa njia ni pana zaidi, wala haina udhuru. Waraka wa Roma wa mwaka 1991 juu ya mazungumzo na dini nyingine ulitaja namna nne: ya maisha, ya matendo, ya kitaalamu na ya mang'amuzi ya kiroho. Katika Punia mbili za kwanza ndizo zenye kazi. Tangu waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891 Kanisa linafundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa kumtunza yeye na jamaa yake. Na mchimbaji anayetoka shimoni na gunia la kasiterite mgongoni, akapunjwa kwenye mizani ya mnunuzi, haki yake haipungui wala haiongezeki kwa kuwa aitwa Juma au Yohana. Katika shule pia Kongo ya leo imesahihisha sehemu ya kosa la zamani: Jumuiya ya Kiislamu ilitambuliwa na serikali mwaka 1972, na leo zipo shule za mkataba za Kiislamu kama zilivyo za Kikatoliki, za Kiprotestanti na za Kikimbangu. Lakini shule ya Kikatoliki inayompokea mtoto Mwislamu ina wajibu wake pia: imfundishe hesabu na kusoma pasipo kuugeuza uandikishaji kuwa mtego wa ubatizo, la sivyo Dignitatis Humanae imebaki kabatini.

Nasaha yangu kwa wazee wa pande zote ni hii. Kabla mahari haijatajwa, padri au katekista na mwalimu wa msikiti waitwe pamoja, na swali la kwanza liwe la watoto: watalelewa katika dini gani, nani ataamua, na ikiwa hawakubaliani, je, ndoa hii ifungwe? Yamkini posa nyingine zitavunjika hapo, na si hasara, kwa kuwa posa iliyovunjika kwa ukweli ni nafuu kuliko nyumba iliyovunjika kwa kudanganyana. Na zile zitakazofungwa zitafungwa na watu waliokwisha kuambiana jambo zito pasipo matusi. Huko ndiko kuelewana kwa moyo safi ambako Mtaguso ulikuomba, na kunaweza kuanza Punia bila kungoja mkutano wa Roma wala wa Kinshasa.