Mzee Amestaafu Bandarini, Mkewe Je?

Kilindi ni mahali penye maji marefu, na ndiko lilikotoka jina la Kilindini. Kina hicho cha maji kimelisha nyumba nyingi za Mombasa kwa zaidi ya miaka mia moja: makarani, makuli, mafundi, madereva wa kreni. Kila mwaka baadhi yao hurudisha kitambulisho cha kazi na kwenda nyumbani. Hufanyiwa sherehe, wakapewa zawadi na kupigwa picha. Anayeagwa siku hiyo ni mmoja, lakini wanaoanza maisha mapya ni wawili.

Jambo hili husahaulika sana. Tunapozungumzia kustaafu hapa kisiwani tunazungumzia hesabu: amepata kiasi gani, amejenga wapi, amenunua matatu au hapana. Ni nadra kuulizwa mke na mume watakuwa wakifanya nini pamoja siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Na hapo ndipo nyumba nyingi huanza kukwaruzana.

Halmashauri ya Bandari ya Kenya iliundwa mwaka 1978, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977. Kijana aliyeingia kazini mwaka huo akiwa na miaka 20 alitimiza miaka 60 mwaka 2018. Huo ndio umri wa kustaafu katika utumishi wa umma tangu mwaka 2009, ulipopandishwa kutoka miaka 55. Kwa hiyo kizazi kilichoanza na bandari ya leo kimekwisha kurudi nyumbani, kiko barazani.

Nyumba ina ratiba yake

Bandari hailali. Kazi huenda kwa shifti, usiku na mchana. Mtu aliyeishi hivyo miaka 30 au 40 ameijua nyumba yake kama mahali pa kula na kulala. Watoto aliwaona jioni, na pengine siku nzima asiwaone. Mkewe ndiye aliyeendesha kila kitu: ada za shule, mgonjwa, mgeni, fundi wa bomba, harusi ya jirani.

Sasa mzee yuko nyumbani kutwa. Anagundua kwamba nyumba ina ratiba ambayo yeye hakuipanga. Saa hii ni ya kufagia, saa hii ni ya kwenda Marikiti, saa hii mashoga wa mkewe hupita wakaketi ukumbini. Akiketi hapo yeye, mashoga hawaingii. Akiuliza kwa nini nazi imenunuliwa mbili badala ya moja, anaambiwa imekuwa hivyo tangu watoto wakiwa wadogo. Si kwamba mmoja wao ni mbaya. Ni kama kazi yenye msimamizi wake wa miaka mingi, kisha akaletewa msimamizi wa pili bila barua.

Mzee hupata dawa ya haraka: hutoka. Baada ya sala ya alfajiri kuna baraza, kuna kahawa tungu, kuna bao, kuna magazeti ya jana ya kubishania. Hilo ni jambo jema. Mwanamume aliyezoea kuzungukwa na wenzake akifungiwa ndani hudhoofika mapema. Lakini tazama upande wa pili. Mkewe hakupewa cheti cha kustaafu. Bado anaamka kupika mahamri, bado analea, na mara nyingi sasa analea wajukuu ambao wazazi wao wako kazini Nairobi au Ghuba. Matembezi yake ni harusi, matanga na maulidi, na kote huko anakwenda kusaidia kazi. Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa mwanamke wa nyumba hizi, hiyo koleo haijavunjika hata siku moja.

Kutoka pamoja si uzungu

Wapo wanaoona haya. Watu wazima kuandamana njiani, mume na mke, tena na mvi zao? Hizo si za vijana na watalii? Lakini kila Idi tunaona familia nzima kwenye uwanja wa Makadara na hakuna anayeuliza. Lililo jema siku ya Idi halibadiliki kuwa aibu siku ya Jumanne. Pia kuna faida ya mwili: watu wa umri huu wengi wana sukari au presha, na kutembea ni katika mambo ya kwanza ambayo daktari huwaagiza. Anayetembea na mwenzake haachi upesi kama anayetembea peke yake.

Uzuri wa kisiwa chetu ni kwamba matembezi mengi hayana kiingilio. Haya ni baadhi yake.

Mama Ngina, Kizingo. Mahali hapa palitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019. Nenda saa kumi alasiri jua likianza kupoa. Kuna mibuyu, kuna upepo wa bahari, kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kuna madafu. Kikubwa zaidi, meli zote kubwa zinazoingia Kilindini hupita mbele yako, karibu kabisa. Wake wengi wa watu wa bandari hawajawahi kuvuka lile geti. Walifua ovaroli miaka 30 bila kuona zilichafuka wapi. Hapa mzee anaweza kumwonyesha mkewe ile meli yenye makasha, kumweleza kwamba nahodha wake haiingizi peke yake bali rubani wa bandari hupanda kutoka nje ili aiongoze mlangoni, na kwa nini meli ndogo zinaisindikiza ubavuni. Watu walioishi pamoja miaka 40 wanaweza kupata maneno mapya hapo.

Kivuko cha Likoni. Mtembea kwa miguu halipi. Epukeni asubuhi na jioni, watu wanapokwenda na kutoka kazini, kwa sababu msongamano na ule mteremko haumfai mwenye magoti mabovu. Saa nne hivi asubuhi ni afadhali. Mnavuka, mnakunywa chai ng'ambo, mnarudi.

Mji wa Kale. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Wengi wetu mara ya mwisho tuliingia tukiwa wanafunzi. Raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, basi msisahau vitambulisho. Kutoka hapo shukeni Ndia Kuu polepole, kivuli cha nyumba kiko upande mmoja asubuhi na upande wa pili alasiri.

Garimoshi. Wakitaka kwenda mbali, treni ya abiria iliyoanza mwaka 2017 hutoka Miritini. Daraja la kawaida mpaka Nairobi ni shilingi 1,500 tangu mwanzo wa 2024. Lakini si lazima kufika huko. Treni inayosimama vituo vya njiani huwafikisha Voi kwa nauli ndogo zaidi, na ndovu wa Tsavo mara nyingine huonekana dirishani.

Pesa ya wawili

Matembezi haya hayatafanyika ikiwa mmoja anashika pesa zote na mwingine anaomba nauli. Katika mifuko mingi ya pensheni ya waajiri, mstaafu huruhusiwa kuchukua mpaka theluthi moja kwa mkupuo, na iliyobaki hulipwa kila mwezi. Ule mkupuo ndio unaoleta jamaa wenye mipango ya biashara. Ile ya kila mwezi ndiyo inayonunua unga. Wanandoa wakikaa wakatenga kiasi kidogo cha ile ya mwezi, hata shilingi 500, kwa jina la matembezi na si kitu kingine, watashangaa itakavyowafikisha.

Kuna mambo matatu ya kuangalia mapema. Kwanza, jina la mke liko katika fomu ya warithi wa mfuko? Fomu nyingi zilijazwa siku ya kuajiriwa na zina jina la mama mzazi aliyekwisha kufariki. Pili, mama ambaye hakuwahi kuajiriwa na ametimiza miaka 70 analengwa na mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa jina lake mwenyewe. Aulize kwa chifu usajili unafunguliwa lini. Tatu, bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, humfunika pia mwenzi wa anayelipa, mradi awe ameandikishwa. Asiyekatwa mshahara hulipa kwa mwaka mzima, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Hizo ni 3,600 za kutengwa kabla ya kitu kingine chochote.

Mji nao una deni

Si haki kuwaambia wazee watembee ikiwa njia haipitiki. Njia ya miguu katikati ya mji imejaa pikipiki na meza za biashara. Viti vya umma vyenye kivuli ni vichache, na mwenye sukari anayehitaji choo kila saa hupanga safari yake kwa kufuata vyoo, si kwa kufuata anachotaka kuona. Kaunti ikiweka viti, vyoo safi na njia isiyo na mashimo kutoka Ganjoni mpaka Mama Ngina, itakuwa imewafanyia wastaafu jambo kubwa kuliko hotuba za siku ya wazee.

Lakini msingoje kaunti. Chagueni siku moja ya wiki. Siku hiyo wajukuu wapelekwe kwa shangazi yao, na chakula cha mchana kinunuliwe au mzee akipike. Kisha mtoke wawili. Mama huyu amefanya kazi miaka mingi kama mumewe, na siku hiyo moja ndiyo likizo yake ya kwanza.