Charles Rotimi: mtaalamu wa jeni aliyetaka damu ya Mwafrika imfaidie Mwafrika

Kwa miaka mingi, utafiti mkubwa wa jeni duniani ulifanyika juu ya watu wa asili ya Ulaya. Kufikia mwaka 2018, kati ya watu 100 walioshiriki katika utafiti wa kutafuta jeni zinazohusiana na magonjwa, karibu 78 walikuwa wa asili hiyo. Waafrika walikuwa kama 2 tu. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ili hesabu hiyo ibadilike ni Charles Rotimi, mzaliwa wa Nigeria.

Jeni ni nini? Ni maelekezo ambayo kila mtu anarithi kutoka kwa baba na mama. Ndiyo yanayoeleza mwili ujengwe vipi na ufanye kazi vipi. Kosa dogo katika maelekezo hayo linaweza kuleta ugonjwa, na badiliko lingine linaweza kumkinga mtu.

Rotimi alizaliwa Benin City na akasomea baiokemia katika Chuo Kikuu cha Benin, hukohuko Nigeria. Baadaye akaenda Marekani, na mwaka 1991 akapata udaktari katika elimu ya namna magonjwa yanavyoenea kati ya watu. Elimu hiyo ilimfundisha kuangalia mambo mawili kwa pamoja: kile mtu alichorithi, na maisha anayoishi.

Jambo hilo lilionekana katika utafiti juu ya shinikizo la damu, ugonjwa ambao kwetu wengi wanauita tansio. Madaktari wengi Marekani walikuwa wanasema watu weusi wana tansio kwa sababu ya asili yao. Rotimi, pamoja na Richard Cooper na wenzao, wakapima watu wa ukoo mmoja wa kale wanaoishi mahali tofauti: Afrika Magharibi, visiwa vya Karibiani na Marekani. Matokeo yalitoka mwaka 1997. Wenye tansio walikuwa asilimia 16 Afrika Magharibi, asilimia 26 Karibiani na asilimia 33 Marekani. Kama ingekuwa ni asili peke yake, hesabu zingekaribiana. Uzito wa mwili, chumvi na namna ya kuishi vilikuwa na sehemu kubwa.

Sasa mtu anaweza kuuliza: kama maisha ndiyo yana uzito hivyo, kwa nini tena kutafuta jeni za Waafrika?

Jibu linaanzia kwenye historia ya binadamu. Watu wote wametoka Afrika. Waliohama kwenda kujaza mabara mengine walikuwa kundi dogo. Fikiria kikapu cha maharagi mchanganyiko ya rangi nyingi. Ukichota kiganja kimoja uende kupanda mbali, rangi fulani zitabaki kikapuni. Ndivyo ilivyo kwa jeni: tofauti nyingi zaidi zilibaki hapa Afrika. Anayechunguza kiganja peke yake hawezi kusema amejua kikapu.

Hasara yake si ya Waafrika tu. Mwaka 2005, watafiti wa Dallas, Marekani, waligundua kwamba baadhi ya Wamarekani weusi wana badiliko katika jeni inayoitwa PCSK9, na kwa hiyo mafuta mabaya katika damu yao ni kidogo sana. Kutokana na ugunduzi huo zikatengenezwa dawa zilizoruhusiwa mwaka 2015, ambazo leo zinatumiwa na wagonjwa wa moyo wa kila rangi.

Rotimi aliona kwamba Waafrika hawawezi kungoja wengine wawakumbuke. Mwaka 2003 akawa mwanzilishi na rais wa kwanza wa Chama cha Waafrika cha Jeni za Binadamu. Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na mradi wa kimataifa wa HapMap, uliochukua damu ya Wayoruba 90 wa Ibadan. Rotimi ndiye aliyeongoza mazungumzo na wakaaji: kueleza kazi, kusikiliza maswali, kuomba ruhusa. Hata jina la kundi lilipewa uzito. Ilibidi waandikwe kuwa ni Wayoruba wa Ibadan, kwa kuwa watu 90 wa mji mmoja hawawezi kusimama kwa niaba ya bara zima.

Mwaka 2008 alianza kuongoza kituo kipya cha utafiti wa jeni na afya ya dunia katika taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH. Mwaka 2010, NIH na shirika la Wellcome Trust la Uingereza wakatangaza mradi wa H3Africa, ambao yeye na wenzake wa kile chama walikuwa wameusukuma. Sharti lake kubwa lilikuwa hili: watafiti walioko Afrika ndio waongoze. Zikajengwa hifadhi za damu Uganda, Nigeria na Afrika Kusini, na vijana wakafundishwa kuchambua data wenyewe.

Kongo pia iliingia. Kundi moja la H3Africa, lililoongozwa na Enock Matovu wa Chuo Kikuu cha Makerere, lilichunguza malale, ule ugonjwa wa usingizi. Nchi yetu ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi wa aina ya malale inayoitwa gambiense. Swali lilikuwa: kwa nini watu wawili wanaambukizwa, mmoja anaugua vibaya na mwingine anaishi bila dalili? Sehemu ya jibu iko katika jeni APOL1. Lakini mabadiliko yaleyale yanayoweza kumsaidia mtu dhidi ya malale yanaweza pia kumwongezea hatari ya ugonjwa wa figo.

Mwaka 2019, timu ya Rotimi ilichunguza zaidi ya watu 5,000 wa Nigeria, Ghana na Kenya, ikakuta jeni ZRANB3 inahusiana na ugonjwa wa sukari. Mwaka 2020, watafiti wa H3Africa walisoma jeni zote za watu 426 wa makabila 50, wakapata mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayajawahi kuandikwa popote. Waliona pia dalili kwamba Wabantu, katika safari zao za kale, walipitia sehemu za Zambia kabla ya kutawanyika mashariki na kusini.

Mwaka 2021 Rotimi akawa mkurugenzi wa sayansi wa taasisi ya jeni ya NIH. H3Africa yenyewe ilifikia mwisho mwaka 2022, baada ya miaka kumi ya kazi. Watu waliofundishwa wapo, na hifadhi zilijengwa. Swali lililobaki ni la serikali za Afrika, ya Kongo ikiwemo: nani atalipa mishahara na umeme wa labo, ili damu iliyotolewa hapa isomwe hapa?