Vikwazo vya Burma: Ziara ya Waziri Haifungui Benki

Tarehe 1 Aprili 2012 mambo mawili yalitokea nchini Myanmar, nchi ambayo askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki waliifahamu kwa jina la Burma walipokwenda kupigana huko mwaka 1944. La kwanza liliandikwa na magazeti yote: chama cha Aung San Suu Kyi, NLD, kilinyakua viti 43 kati ya 45 katika uchaguzi mdogo. La pili liliachiwa kurasa za biashara. Serikali iliacha kiwango chake cha zamani, ambapo dola moja ya Marekani ilihesabiwa kuwa kyat 6 na ushei, na Benki Kuu ikatangaza kyat 818.

Waliofanya biashara Dar es Salaam katika miaka ya 1980 hawahitaji kufafanuliwa maana ya tofauti hiyo. Mitaani dola ilikuwa ikiuzwa kwa mamia ya kyat kwa miaka mingi, na kiwango cha serikali kiliwanufaisha wale tu walioweza kukipata.

Jeshi lilikuwa limeshika nchi tangu mwaka 1962. Machi 2011 Thein Sein, jenerali aliyevua magwanda, aliapishwa kuwa Rais. Septemba mwaka huo alisimamisha ujenzi wa bwawa la Myitsone, mradi wa Wachina, na nchi za Magharibi zikaanza kumtazama upya. Novemba 30 alitua Hillary Clinton, waziri wa kwanza wa mambo ya nje wa Marekani kufika huko tangu John Foster Dulles mwaka 1955. Januari 2012 wafungwa wa kisiasa waliachiliwa kwa mamia, na siku hiyo hiyo Washington ikatangaza kwamba itarudisha balozi. Ilikuwa biashara ya kulipana kidogo kidogo, kila upande ukichungulia mfuko wa mwenzake kabla ya kutoa tena.

Hapo ndipo wawekezaji wengi walipochanganya mambo. Jumuiya ya Ulaya haikuondoa vikwazo mwaka 2012. Ilivisimamisha, ikaviondoa Aprili 2013, na hata hapo ikabakiza marufuku ya silaha. Marekani iliruhusu uwekezaji mpya Julai 2012, lakini utaratibu mzima wa vikwazo ulifutwa na Rais Obama Oktoba 2016 tu. Kikwazo kilichosimamishwa ni mkopo usiodaiwa leo: sheria ipo, na mwenye sheria anaweza kuirudisha bila kuandika nyingine.

Kilichoumiza wafanyabiashara zaidi ni orodha ya majina. Nchi inaweza kufunguliwa huku makampuni yake makubwa yakiendelea kupigwa marufuku moja moja. Mfano mzuri ni bandari ya Yangon. Gati kubwa la makontena lilikuwa mali ya kampuni ya Asia World, iliyokuwamo katika orodha ya Marekani. Mwaka 2015, miaka 3 baada ya milango kutangazwa kuwa wazi, benki za nje zilianza kusita kugharamia shehena zinazopitia gati hilo, hata kama bidhaa na mnunuzi wake havikuwa na doa. Ilibidi Washington itoe kibali maalumu cha miezi 6, Desemba mwaka huo, mizigo ipite.

Wakati huo huo fedha za kigeni zilikuwa zikimiminika. Leseni za simu za mwaka 2013 zilikwenda kwa Telenor ya Norway na Ooredoo ya Qatar. Kirin ya Japani ilitoa dola milioni 560 mwaka 2015 kununua asilimia 55 ya kiwanda kikubwa cha bia, mbia wake akiwa kampuni ya wanajeshi. Soko la hisa la Yangon lilianza mauzo Machi 2016 likiwa na kampuni moja tu, na wageni wakaruhusiwa kununua hisa Machi 2020.

Katiba ya mwaka 2008, hata hivyo, haikuguswa. Iliwapa majenerali robo ya viti vya bunge na wizara 3: ulinzi, mambo ya ndani na mipaka. Kuibadilisha kulihitaji zaidi ya asilimia 75 ya kura, yaani ridhaa yao wenyewe. Karatasi hiyo ilikuwa wazi kwa kila aliyetaka kuisoma. Februari 1, 2021 jeshi lilirudi madarakani. Kirin ilitangaza kuvunja ubia wiki hiyo hiyo, na Julai Telenor ikatangaza kuuza kampuni yake ya huko kwa dola milioni 105. Mgeni aliyesubiri soko la hisa lifunguliwe alikuwa hajamaliza hata mwaka.

Kwa mfanyabiashara wa mbaazi wa Lindi, Mtwara au Babati, habari hizi si za mbali. Myanmar ni mshindani wake katika soko la India, na India haikungoja majenerali waende kambini ndipo inunue. Agosti 2017 Delhi ilipoweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kwa mwaka, bei ya Tanzania ilianguka vibaya. Msumbiji ilinusurika kwa sababu ilikuwa na mkataba wa serikali kwa serikali tangu 2016. Tanzania haikuwa nao. Juni 2021, miezi michache tu baada ya mapinduzi, India ilikubali kununua Myanmar tani 100,000 za mbaazi na 250,000 za choroko nyeusi kila mwaka, kwa miaka 5 ya fedha hadi 2025/26. Malawi ilipata mkataba wa mbaazi tani 50,000.

Mbaazi za Tanzania huingia sokoni kuanzia Agosti, wakati maghala ya India yamepungua. Mavuno mapya ya India huanza Desemba, na ya Myanmar hufuata mwanzoni mwa mwaka. Mwenye ghala anayeshikilia mzigo akingoja bei ya Krismasi huwa anakutana na yote mawili kwa pamoja.