Muungano na Kristo: Ushahidi wa Frere Town

Mahubiri mengi kuhusu upendo kati ya Kristo na waumini huishia kwenye hisia: machozi ya ibada, moyo kutulia. Sizidharau. Hata hivyo Paulo, akiwaandikia Waefeso, anatangulia na tendo: Kristo alilipenda kanisa akajitoa kwa ajili yake. Katika Injili ya Yohana nako, tawi huishi kwa utomvu wa mzabibu. Kwa hiyo nashikilia kwamba muungano huu, kwanza kabisa, ni kupewa ukoo kabla hujawa na cha kutoa, hisia hufuata.

Kisauni, Mombasa, ina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1875 William Salter Price wa shirika la misheni la CMS alianzisha huko Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu walionusuriwa na manowari za Kiingereza kutoka majahazi ya watumwa. Walikuwamo Wayao na Wamakua, wengi wao wakiwa wametekwa wangali watoto. Nyakati hizo, asiye na jamaa wa kumtetea aliuzika. Paulo kuwaambia Wakorintho kwamba mtumwa aliyeitwa ni huru wa Bwana kulikuwa, kwa watu hao, jambo la mwili na jina. Atasema mtu: lakini misheni hiyo hiyo iliwachapa viboko, na iliahidi kutowapokea watumwa watoro. Ni kweli, na ni aibu. Lakini tumtazame William Jones, Myao aliyeuzwa utotoni, akasomeshwa Nashik nchini India, na mwaka 1885 akapewa ushemasi na Askofu Hannington. Kituo cha misheni cha Rabai kilipokuwa mikononi mwake, watoro walipata makao humo, hata mwaka 1888 ikabainika kuwa ni mamia kwa mamia. Mabwana zao walilipwa fidia, na watoro wakapewa hati za uhuru mwanzoni mwa 1889. Wakubwa wa misheni walishika ahadi yao ya kutowapokea watoro. Jones alishika undugu.

Wako pia wanaohofu, majirani Waislamu wakiwemo, kwamba lugha ya arusi kati ya Kristo na kanisa inamchanganya Muumba na kiumbe. Hofu hiyo ina heshima yake, ila maandiko yenyewe yanaweka mpaka: tawi haligeuki mzizi, wala bibi arusi hawi bwana arusi.

Basi, kama Jones alivyowapokea watoro, makanisa ya Likoni na Changamwe yawatazame vijana waliofuata kazi za bandarini, wasio na ndugu mjini. Wapokeeni mezani, simameni nao hospitalini na msibani, bila kuwauliza kwanza kabila lao.